Kanga, Mbuyu na Ngome: Rekodi za Kuvisha Vitu Nuru

David Livingstone alifika Bagamoyo akiwa maiti. Februari 1874 watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, walimtua kwenye misheni ya Kikatoliki baada ya kumbeba kwa miezi tisa hivi kutoka kwa chifu Chitambo alikofia, na mnara wa kanisa alimolazwa kabla ya kuvushwa Unguja unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Wageni huonyeshwa mnara, husimuliwa habari za moyo wake uliozikwa chini ya mti huko bara, kisha hurudi kwenye gari. Ni nadra kusikia mtu akitaja taa yake.

Taa hiyo ilikuwa sanduku lenye utambi na lenzi, la kurusha picha zilizochorwa kwenye vioo. Januari 1854, kwa chifu Shinte, karibu na mpaka wa sasa wa Zambia na Angola, Livingstone aliitumia kumwonyesha Ibrahimu akiwa ameinua kisu juu ya Isaka. Picha ilitokea na kimo cha mtu mzima. Alipokivuta kioo ili aweke kingine, kisu kikaonekana kikiwajia kinamama waliokaa kutazama. Walipiga ukunga wakimlilia mama, wakatimua mbio, wakavikanyaga vibanda vya mizimu na miche ya tumbaku iliyokuwa njiani. Hakurudi hata mmoja. Shinte alibaki pale pale mpaka picha ya mwisho, halafu akaikagua taa kwa makini.

Katika yote nitakayoyataja hapa, sijui onyesho jingine lililowatoa watu mbio namna hiyo, na lile lilitumia utambi mmoja tu. Kwa hiyo naliandika la kwanza katika orodha yangu, hata kama kitabu cha Guinness hakina safu ya watu waliokimbia.

Mchezo wenyewe wa kurushia vitu picha, siku hizi mafundi wa matamasha huuita "mapingi". Mimi nausema kwa Kiswahili cha cherehani: kuvisha kitu nuru. Sinema hutaka kitambaa cheupe kilichonyooka. Mapingi huchukua kitu chenye maungo yake, kama ngome, kuba, mti au mtu, hukipima pembe kwa pembe, kisha kompyuta huikunja picha ifuate yale maungo. Ikirushwa inakaa mwilini kama gauni la mwari lililopimwa vizuri. Dirisha la ukutani linabaki pale pale lilipo, ila unaliona likifunguka na kutoa ndege.

Makubwa, na hesabu yake

Septemba 2014 jiji la Bucharest, Romania, lilitimiza miaka 555, na katika sherehe zake likalivisha Jumba la Bunge, ambalo lenyewe lina rekodi ya kuwa jengo zito kuliko yote duniani. Projekta 104 zilielekezwa kwenye uso wa mita za mraba 23,000. Nuru yote kwa pamoja ilipita lumeni milioni 2.

Lumeni ni nuru inayotoka kwenye taa. Igawe kwa mita za mraba upate laksi, yaani nuru inayofika ukutani. Kwa Bucharest jibu ni laksi 87 hivi, ambazo hazitofautiani sana na nuru ya sebule yako jioni. Malori yote yale, nyaya zote zile, na ukuta ukapata nuru ya sebuleni! Ndivyo ilivyo: ukubwa hula nuru. Ukiongeza upana wa picha mara mbili na kimo chake mara mbili, projekta zile zile zinakupa robo ya mng'ao wa awali.

Sasa leta hesabu hiyo nyumbani. Projekta ya semina, ile ya ofisini, hutoa lumeni 3,000. Ielekeze kwenye ukuta wa mita 20 kwa 10: laksi 15. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, chini ya mabango ya matangazo, hutaona kitu. Lakini mbalamwezi haifiki hata nusu laksi, na Bagamoyo bado ina vichochoro ambako usiku ni usiku kweli. Ngome Kongwe ya hapo, iliyoanza kujengwa mnamo 1860, ni ya mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa. Chokaa inarudisha nuru vizuri. Ilipobanduka, jiwe lililoota weusi huinywa. Picha ikipita hapo inapata madoa kama shati lililomwagikiwa chai, na fundi ana hiari mbili tu: kupaka chokaa upya, au kuyafanya madoa kuwa sehemu ya mchezo. Mimi ningechagua madoa.

Dubai hawana tatizo la madoa. Kuba la Al Wasl, lililokuwa kitovu cha Expo 2020 (iliyofanyika, kwa sababu ya korona, kuanzia Oktoba 2021), lina upana wa mita 130 na kimo cha mita 67.5, na lilirushiwa picha na projekta 252. Kuba lote ni kiwambo, na picha yake huonekana kwa ndani na kwa nje pia. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mabanda yao kwenye maonyesho hayo, na wageni wa mabanda yote wakaishia kukaa chini ya kuba usiku, shingo zimepinda.

Tokyo nayo ina rekodi ya Guinness kwa onyesho la kudumu kubwa kuliko yote kwenye jengo: mita za mraba 13,904 za makao makuu ya serikali ya jiji, kuanzia Februari 2024. Ni kubwa. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Afadhali Empire State, New York. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2015, projekta 40 zilizopangwa juu ya paa la jirani zilipandisha wanyama walio hatarini kutoweka kwenye ghorofa 33 za jengo hilo. Mmoja wao alikuwa Cecil, simba wa Zimbabwe aliyeuawa na mwindaji mwezi mmoja tu kabla. Simba wa Afrika mwenye kimo cha ghorofa, anawatazama watu wa Manhattan barabarani.

Kongwe

Uso wa ajabu wa kwanza kupata umaarufu ulikuwa moshi. Paris, 1798, mtu aliyejiita Robertson alirusha mizimu kwenye moshi ndani ya chumba chenye giza, watazamaji wakaona wafu wakiwasogelea. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye nyumba ya kufukiza ubani anaielewa akili hiyo bila kufundishwa: moshi una umbo, ila haukai nalo.

Kisha Agosti 1969, Disneyland, California, wakafungua nyumba ya mizuka ambamo kichwa cha plasta kilirushiwa filamu ya uso wa mwanamke anayesema, na sanamu tano za vichwa zikaimba. Wanahistoria wengi wa mapingi huanzia hapo, kwa kuwa ndipo picha ilipoacha kutafuta ubapa.

Kwetu mwanga wa maonyesho una historia ndefu kuliko ya Disneyland, ingawa haukuwa wa projekta. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, ndilo jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme. Mbele yake ulisimama mnara wa taa za meli uliofungwa taa safu juu ya safu, hata mabaharia wa Kiingereza wakaubatiza mti wa Krismasi wa Sultani. Uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Uingereza na Zanzibar, vinavyohesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani: dakika 38, au zaidi kidogo, kutegemea nani alishika saa. Rekodi mbili uwanja mmoja, na ya pili ikaizima ya kwanza.

Barabara ya Bagamoyo

Kuna mshindi wa masafa ambaye watu wa pwani ya kaskazini wangepaswa kujivunia zaidi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, Mwingereza aliyeitwa L. A. Notcutt alisimamia mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, uliogharamiwa na shirika la Carnegie la Marekani. Zilipigwa filamu 35. Sauti haikuwa kwenye filamu, ilikuwa kwenye sahani za gramafoni, ili picha moja iweze kusema lugha nyingi. Lori likapakiwa projekta, jenereta na kiwambo, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, safari ya maili zipatazo 9,000 katika barabara za wakati ule. Filamu zenyewe zilikuwa na mahubiri mengi ya kikoloni: namna ya kutunza ngozi, kwa nini uweke fedha posta. Safari, hata hivyo, ilikuwa safari. Fundi wa leo anayelalamika kwamba gari la vifaa limekwama Makofia, karibu na Bagamoyo, amwombee Notcutt.

Karibu na mwanzo wa Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, Msasani, kulikuwa na sinema ya magari, ile watu waliyoiita Draivu-in, tangu miaka ya 1960. Uliingia na gari au na pikapu iliyojaa majirani, ukaangalia kiwambo kikubwa chini ya anga. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa katika eneo hilo. Pengine ndicho kiwanja chenye ulinzi mkali kuliko vyote vilivyowahi kuonyesha filamu ya Kihindi.

Na tusisahau kibanda umiza. Shuka jeupe, projekta ya mkopo, mechi ya Ulaya, upepo wa kaskazi unaingia kwa mlango: shuka likivimba, mpira unapinda bila mchezaji kuupiga. Kila aliyelipa kiingilio pale ameona kwa macho yake tatizo ambalo wataalamu wa Japani wamelitolea jasho.

Uso mgumu kuliko wote

Tatizo lenyewe ni nguo. Ukuta ukishapimwa haubadiliki. Nguo inakunjika kila nukta. Projekta ya kawaida hutoa picha 60 kwa sekunde. Kanga ikisogea kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao kwa mcheza ngoma si mwendo, picha inakuwa imepitwa kwa karibu sentimita 2 kabla ya nyingine kufika. Maandishi ya kanga yangebaki hewani, nyuma ya kiuno.

Maabara ya Ishikawa, Chuo Kikuu cha Tokyo, ilitengeneza projekta iitwayo DynaFlash yenye uwezo wa kurusha picha 1,000 kwa sekunde, ikichelewa kwa milisekunde 3 tu. Mwaka 2016 waliionyesha ikichora kwenye karatasi inayopeperushwa na kwenye fulana aliyovaa mtu, na mchoro ukang'ang'ania kitambaa kama uliotiwa rangi. Kwa mwendo ule ule wa mita moja kwa sekunde, kati ya picha na picha nguo inasogea milimita 1.

Nikisoma habari hizo nafikiria jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tamasha la Bagamoyo limekuwa likifanyika tangu 1982, na kila mwaka hupanda jukwaani watu ambao nyonga zao hakuna maabara iliyowahi kuzipima. Rekodi ya kuivisha nuru kanga inayocheza mdundiko haijashikwa, na mahali pa kuishikia ni hapo.

Tanga la jahazi linakuja la pili kwa ugumu. Sydney wamejipa njia ya mkato: mapaa ya jumba lao la opera huyaita matanga, na tangu 2009, Brian Eno alipoyarushia michoro yake, tamasha la Vivid limeyavisha karibu kila mwaka. Lakini matanga yale ni ya zege. La kwetu ni turubai, linajaa kusi, na chini yake chombo kinayumba. Wavuvi wa Bagamoyo lakini wana jibu ambalo Sydney hawana. Ufuko ni bapa, na bamvua likitoka bahari inakimbilia mbali. Majahazi yanakaa mchangani kama ng'ombe waliolala. Twekeni tanga usiku usio na upepo, na kwa saa chache uso unatulia. Maji yakianza kujaa, onyesho limekwisha, hakuna wa kubishana naye.

Pasipowashwa

Gerry Hofstetter, msanii wa Uswisi, aliuvisha mlima Matterhorn bendera za nchi mbalimbali wakati wa korona mwaka 2020, mlima wa mita 4,478, theluji yake ikiwa ndiyo kitambaa. Mwaliko kwa Kilimanjaro utakuja siku moja, na sitaupinga.

Ila kuna ufuko mmoja ambao nauombea rekodi ya giza. Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa wa kijani hupanda kutaga. Watoto wao wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa moja ya sherehe nyuma yao inawageuza kuelekea nchi kavu, kwa kaa na jua la asubuhi. Waandaaji wa harusi za ufukweni, waelekezeni maharusi wenu kusini.

Uso wa polepole

Kwenye uwanja wa misheni, hatua chache kutoka mnara wa Livingstone, upo mbuyu ambao Mfaransa mmoja, Madame Chevalier, aliufunga mnyororo mwishoni mwa karne ya 19 apate pa kumfunga punda wake. Punda amekwenda, bibi amekwenda, na mti umeumeza mnyororo. Kilichobaki nje ni kipande kifupi tu.

Shina la mbuyu huvimba kwa maji ya masika na kunywea kiangazi. Vipimo vilivyochukuliwa Februari havitakaa mwilini Mei. Fundi atakayetaka kuuvisha itabidi aupime mchana wa siku ile ile ya onyesho, na alama yake ya kuanzia iwe ule mnyororo, kwa kuwa ndicho kitu pekee pale kisichoota. Asichelewe tu, maana kila anayerudi Bagamoyo anaukuta mfupi zaidi.