Je, Wajua? Hewa ya Sayari Husomwa Katika Mwanga Uliopotea

Je, wajua kwamba hakuna aliyewahi kuziona sayari saba za nyota TRAPPIST-1, lakini mwaka wa kila moja unajulikana una siku ngapi, na joto la baadhi yake limeshapimwa? Nyota hiyo iko upande wa kundinyota la Ndoo, miaka ya nuru 40 hivi kutoka hapa. Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walitangaza tatu mwaka 2016. Februari 2017 zikafika saba, zote zikikaribia ukubwa wa Dunia.

Kinachoonekana ni nyota peke yake. Sayari ikikatiza mbele yake, mwanga hufifia. Dunia ikikatiza mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali hupoteza sehemu moja tu kati ya 12,000. Lakini TRAPPIST-1 ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo na hafifu; imeizidi Mshtarii kidogo tu kwa upana, hivyo sayari yake ya ndani kabisa, b, huziba karibu sehemu moja kati ya 140. Ndiyo maana watafiti hawabanduki hapo.

Sayari ikiwa na hewa, mwanga kidogo hupenya kwenye ukingo wake, na kila gesi humeza rangi zake, nyingi zikiwa zile ambazo jicho letu halizioni. Methani huacha pengo lake, kabonidayoksaidi lake. Njia ya pili naiona nzuri zaidi: ngoja sayari ijifiche nyuma ya nyota, kisha pima joto lililopungua. Hilo lililopungua ndilo la sayari. Mwaka 2023 darubini ya anga James Webb ilipima hivyo upande wa mchana wa b, ikapata nyuzijoto 230 hivi za Selsiasi. Hewa nzito ingebeba sehemu ya joto hilo hadi upande wa usiku. Matokeo yalielekea zaidi kwenye mwamba mtupu. Jirani yake c nayo haikuonyesha hewa nzito ya kabonidayoksaidi kama ya Zuhura.

Kikwazo kikubwa ni nyota yenyewe. Ina madoa, na vibete baridi vya namna hii vina mvuke wa maji ndani ya hewa yao wenyewe. Ukiona dalili ya maji, lazima uulize kwanza: ni ya sayari, au ni ya nyota?

Swali hilo linaiandama sayari e, ambayo mwaka wake ni siku 6 na joto lake huenda likaruhusu maji ya kimiminika. Mikatizo minne ya kwanza iliyochapishwa mwaka 2025 haikutoa jibu. Sasa James Webb inazivizia b na e zinapokatiza kwa kufuatana: kwa kuwa b inadhaniwa haina hewa, kasoro zitakazoonekana kwake zitahesabiwa kuwa za nyota, kisha zitaondolewa kwenye vipimo vya e.