Ndururu ya Edward VIII: Kitabu au Mtandao?

Mwaka 1936 ilitolewa ndururu (senti tano) ya Afrika Mashariki yenye jina la Edward VIII. Tundu la katikati halikuacha nafasi ya sura yake. Kwa kuwa mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, wauzaji mtandaoni huinadi kuwa adimu. Adimu wapi! Katalogi ya Krause huonyesha zilitengenezwa mamilioni. Ni kweli bei za vitabuni huchakaa upesi, na Numista hukupa picha na uzani bure, anzia huko. Ila kabla ya kutoa hela, mpenzi msomaji, soma jina, si mwaka tu: zipo za 1936 zenye jina la George V. ‘Hela’ yenyewe, kwa njia, ilitokana na heller, sarafu ya enzi ya Wajerumani Tanganyika.