Jante za Gari la Koperative: Mambo Sita ya Kupima Mbele ya Kutoa Feza



Koperative nyingi tunazotembelea ziko na gari moja tu, na mara nyingi ni Hilux ao Land Cruiser ya okazio. Siku gari ile inasimama, maharagi yanabaki ku depo, viazi vinaanza kuoza, na mama aliyeleta gunia zake tatu anakosa feza ya masomo ya watoto. Ndiyo maana habari ya jante haiko habari ya shofere peke yake. Ni habari ya kila memba mwenye kuweka muzigo wake ndani ya gari.

Barabara zetu zinapinda jante na kupasua mipira. Basi inafika siku ambapo komite inaulizwa: tununue jante gani? Ku soko zinajaa jante za okazio zenye kutoka Japani na Dubai, zingine kubwa, zenye kung'aa. Muuzaji anasema: «Hii inaingia, hakuna shida.» Lakini kuingia ni jambo moja, kufaa ni jambo lingine. Jante inaweza kuingia vizuri kabisa mu garaji, kisha ikakula rulma, ikasugua mupira, ao ikatoka njiani wakati watu wamekaa juu ya muzigo.

Katika nakala hii tunaeleza mambo sita ya kupima. Hayaombe masomo makubwa. Yanaomba metre, fimbo iliyonyooka, kalamu na karatasi.

1. Hesabu ya buloni na duara yake

Kwanza hesabu buloni. Kisha pima duara yenye kupita katikati ya buloni zote. Hilux 4x4 iko na buloni 6 kwenye duara ya milimita 139,7. Kwenye buloni 6 ao 4, kupima ni rahisi: pima kutoka katikati ya buloni moja mpaka katikati ya ile yenye kuitazama.

Kwenye buloni 5 hakuna yenye kutazamana. Pima katikati ya buloni mbili zenye kufuatana, kisha zidisha mara 1,7. Ukipata milimita 88, duara yako ni 150. Ukipata 67, duara ni 114,3.

Hapa watu wa Land Cruiser wafungue macho. Land Cruiser za kazi nzito za aina ya 70 zilikuwa na buloni 6 kwenye 139,7, lakini tangu mwaka 1999 ziko na buloni 5 kwenye 150. Gari mbili zinafanana kwa macho, jante zao hazibadilishane. Mutu akikuambia «ni ya Land Cruiser», jibu: «Ya mwaka gani? Buloni ngapi?»

Tena, usikubali fundi apanue matundu ya jante ili ikubali buloni zako. Jante ya namna ile haina tena chuma cha kutosha pale inabanwa.

2. Tundu la kati

Katikati ya jante kuna tundu kubwa lenye kuingia juu ya kitovu cha gurudumu. Kwenye Hilux 4x4 kitovu kinaomba tundu la milimita 106. Mitsubishi L200 za tangu 2006 pia ziko na buloni 6 kwenye 139,7, lakini tundu lao ni milimita 67. Ndiyo kusema jante ya L200 haiwezi kupita kwenye kitovu cha Hilux, hata kama buloni zinapatana.

Upande mwingine, ukiweka jante ya Hilux kwenye L200, itaingia. Lakini itacheza, kwa sababu tundu ni kubwa kupita kitovu. Jante haikai katikati sawasawa, gari inatetemeka, na ekru peke yake ndizo zinafanya kazi ya kuiweka mahali pake. Kuna mizunguko ya kujaza nafasi ile, lakini kwa gari ya kubeba muzigo, muzuri zaidi ni jante yenye tundu sawa na kitovu.

3. Upana na namba ya ET

Hili ndilo jambo lenye watu wengi hawajue, na ndilo lenye kuharibu gari polepole. Tuliangalie kwa utaratibu.

Nyuma ya jante utasoma maandishi kama 7J x 16 ET30. Namba 16 ni urefu wa jante kwa inchi. Namba 7 ni upana wake kwa inchi. ET ni herufi za Kijerumani: zinaonyesha umbali, kwa milimita, kati ya mustari wa katikati ya jante na pale jante inagusa kitovu. ET kubwa inaingiza gurudumu ndani, karibu na freni na amortisere. ET ndogo inalisukuma inje. Ikiwa chini ya zero, gurudumu linatoka inje zaidi.

Hilux nyingi za 4x4 za kati ya 2005 na 2015 zilitoka na ET30. Sasa tuseme muuzaji anakupa 8J ET0. Hesabu ni hii:

Jante ya zamani: inchi 7 ni milimita 178. Nusu yake ni 89. Toa 30, unapata 59: ndio umbali kutoka kitovu mpaka ukingo wa inje.

Jante mupya: inchi 8 ni milimita 203. Nusu yake ni karibu 102. Toa 0, inabaki 102.

Tofauti ni milimita 43. Kila gurudumu linatoka inje zaidi ya santimetre 4. Kwa macho, gari inaonekana yenye nguvu, imesimama pana. Lakini fikiri juu ya mutu anayebeba ndoo ya maji: akiiweka karibu na mwili, anaweza. Akinyoosha mukono, bega linachoka, na maji hayajaongezeka. Rulma ya gari ni lile bega. Muzigo ni ule ule, lakini unavuta kutoka mbali zaidi, na rulma inakwisha mbele ya wakati wake. Usukani unakuwa muzito na unapiga mikono ya shofere katika kila shimo. Mupira unagusa gardebu wakati wa kukata kona, na matope yanaruka mpaka kwenye vioo na kwenye muzigo.

Ukichagua ET kubwa kupita ile ya gari, shida inakuwa ndani: jante inaweza kugusa freni, ao mupira unasugua amortisere. Mupira unaosuguliwa ndani unapasuka bila kuonekana, kwa sababu hakuna mutu anayeangalia upande ule.

Kama maandishi yamefutika, unaweza kupima mwenyewe. Laza jante chini, uso wake kwenye udongo. Weka fimbo iliyonyooka juu ya ukingo wa nyuma. Pima kutoka fimbo mpaka pale jante inagusa kitovu. Kisha pima upana wote wa jante, ukingo mpaka ukingo, na ugawanye kwa mbili. Toa ile nusu kwenye kipimo cha kwanza. Jante ya inchi 7 iko na upana wote wa karibu milimita 203, nusu ni 101. Kama kipimo cha kwanza ni 131, basi ET ni 30.

Shauri letu: baki kwenye ET ya gari. Tofauti ya milimita 5 ao 10 inaweza kuvumilika, lakini jaribisha mbele ya kulipa: usukani mpaka mwisho kushoto na kuume, gari ikiwa na muzigo.

4. Urefu wa gurudumu zima

Jante na mupira vinahesabiwa pamoja. Kwenye mupira wa 265/65R17, namba 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, 17 ni inchi za jante. Gurudumu zima liko na milimita 776. Mupira wa 265/70R16 uko na 777. Ni karibu sawa, hata kama jante ni tofauti! Kwa njia zetu za mawe, ule wa 16 ni muzuri kupita, kwa sababu ubavu ni murefu na unalinda jante. Lakini hakikisha kwanza kwamba jante ya 16 inapita juu ya freni ya gari yako bila kugusa.

Ukiweka 285/75R16, urefu unakuwa 834. Gari inapanda juu, ndiyo, lakini mota inachoka kwenye milima, freni inaomba nguvu zaidi, na kipimo cha mbio kinadanganya: kikionyesha 60, wewe uko unatembea 64.

Kwenye 4x4, magurudumu yote yawe na urefu mumoja, pamoja na lile la akiba. Ukitembea na magurudumu tofauti wakati 4x4 imefungwa, vyombo vya kugawa nguvu vinapigana na kuvunjika. Bei ya kuvitengeneza inapita bei ya jante zote.

5. Uzito

Kila mupira uko na namba ya uzito kwenye ubavu. Namba 100 ni kilo 800. Namba 104 ni kilo 900. Namba 112 ni kilo 1120. Jante pia iko na kipimo chake. Nyingi za Japani za aluminiyomu zina alama JWL, na zile zilizopimwa kwa gari za kubeba muzigo zina JWL-T. Tafuta ile ya pili.

Tuseme nyuma ya gari, pamoja na muzigo, inabeba kilo 1700. Kila mupira unapata 850. Mupira wa namba 100 hautoshi. Na sisi wote tunajua kwamba siku ya soko muzigo unapita ile iliyoandikwa kwenye mulango wa gari, tena watu wanapanda juu. Jante ya gari ndogo, hata ikiingia, haikutengenezwa kwa kazi ile.

6. Ekru

Jante nyingi za chuma zinaomba ekru zenye ncha ya kitonye, yenye kuingia ndani ya tundu. Jante nyingi za aluminiyomu zenye kutoka na gari za Toyota zinaomba ekru zenye uso wa bapa na shingo. Ukizichanganya, ekru inaonekana imekaza, kumbe haijakamata. Nunua jante pamoja na ekru zake. Kaza kwa kuruka, moja na yenye kuitazama, na rudilia kukaza nyuma ya kilometre 50 ao 100.

Chuma ao aluminiyomu?

Kwa gari ya kazi, tunasema chuma. Jante ya chuma ikigonga jiwe inapindika, na fundi anaweza kuinyoosha. Ya aluminiyomu inapasuka. Ile iliyoshonwa kwa kuchomea moto usiinunue, hata wakikupa kwa bei ya bure. Vilevile kataa vipande vya chuma vyenye kuwekwa kati ya jante na kitovu ili kuisukuma inje: vinaleta shida ile ile ya ET ndogo, na vinaongeza buloni zingine za kulegea.

Namna koperative inaweza kujipanga

Shofere na fundi waandike kwenye karatasi moja: hesabu ya buloni na duara, tundu la kati, upana na ET, kipimo cha mupira, namba ya uzito, aina ya ekru. Karatasi moja ibaki ndani ya gari, nyingine kwa mutunza-feza. Mutu akitumwa ku soko, aende na karatasi na metre, si na macho peke yake. Na mutunza-feza asitoe franka hata moja mbele namba za jante hazijalinganishwa na za karatasi, moja kwa moja, watu wawili wakiangalia.

Muuzaji akikataa mupime, achaneni na ile jante. Mwenye jante nzuri haogope metre.