Ncha za Vidole vya Iommi
Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Mwaka wa 1965, mjini Birmingham, Uingereza, mashine ya kiwandani ilimkata Tony Iommi, kijana wa miaka 17, ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hucharaza gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vilivyobonyeza nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajifinyangia vifuniko. Kufikia mwaka wa 1971, akiwa na bendi ya Black Sabbath, alilegeza nyuzi zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Wenye vidole kamili wakamwiga, na muziki wa hevi metali ukashika mkondo huo.

Mimi niliye mwanaisimu najua kuwa upekee wa mmoja, ukirudiwa na wengi, huwa sarufi. Basi na tukome kumwambia kijana aliyeumia kazini kwamba riziki yake imekatika.