Mipango ya usafiri na barabara jijini Dodoma

Mipango ya usafiri na barabara jijini Dodoma ni kazi ya kuamua watu na mizigo watapita wapi, kwa chombo gani, na ardhi ipi itengwe kwa ajili hiyo katika makao makuu ya Tanzania. Kazi hiyo imepata uzito mpya kwa sababu jiji linakua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Ongezeko hilo ni la karibu asilimia 86 katika miaka kumi.

Historia

Dodoma iko katika nchi ya Wagogo, kwenye uwanda mkavu wa katikati ya Tanzania. Mji ulikua kando ya Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye barabara nne kubwa zilikutana hapo: ya mashariki kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ya kusini kwenda Iringa, ya magharibi kwenda Singida, na ya kaskazini kwenda Kondoa, Babati na Arusha.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma kutoka Dar es Salaam. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), na mwaka 1976 ukatolewa mpango kabambe ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango huo ulifuata siasa ya Ujamaa. Badala ya jiji la magari binafsi, ulichora jumuiya za makazi zilizounganishwa na njia maalumu za mabasi, huku shule, soko na zahanati vikiwa mahali panapofikika kwa miguu au kwa baiskeli.

Sehemu kubwa ya mchoro huo haikujengwa kama ilivyokusudiwa. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978-1979 na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 viliiacha serikali bila fedha, na ofisi nyingi zikabaki Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Ofisi za wizara zikaanza kujengwa Mtumba, upande wa mashariki kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kwa hiyo wafanyakazi wengi walianza kusafiri kila siku kwenda upande mmoja asubuhi na kurudi jioni.

Wasimamizi wa barabara

Si kila barabara ya jiji inasimamiwa na ofisi moja. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za mitaa na za vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Halmashauri ya jiji inapanga matumizi ya ardhi, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inatoa leseni na kupanga nauli za daladala.

Fedha za matengenezo zinatoka hasa katika tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hivyo mwenye bodaboda anayenunua lita mbili za petroli anachangia barabara, hata kama mtaa anakoishi bado ni wa vumbi.

Hifadhi ya barabara

Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi uliotengwa pande zote mbili za barabara kwa ajili ya mitaro, njia za miguu, nguzo, mabomba na upanuzi wa baadaye. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara.

Mabadiliko hayo yaligusa nyumba za watu. Wananchi wengi nchini wanazijua alama za X. X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililo ndani ya hifadhi, ambalo mwenyewe anatakiwa kuliondoa bila fidia. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililofikiwa na mipaka mipya ya sheria, ambalo mwenyewe anastahili fidia. Tofauti ya mita chache, au ya mwaka nyumba ilipojengwa, inaweza kuamua kama familia italipwa au haitalipwa.

Hapa ndipo penye funzo kubwa la mipango ya miji inayokua. Kutenga ardhi ya barabara kabla watu hawajajenga kunagharimu upimaji na mawe ya mipaka. Kuitafuta ardhi hiyo baadaye kunagharimu fidia, kesi na ubomoaji. Lami inaweza kusubiri miaka kumi, lakini nafasi ya barabara ikishajengwa nyumba hairudi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo viwanja vinapopimwa pembezoni mwa jiji, mchoro unatakiwa kuonyesha barabara kubwa, vituo vya daladala na njia za maji, si mistari ya viwanja peke yake.

Makutano na foleni

Watu wengi hudhani foleni inatokana na wembamba wa barabara. Mara nyingi chanzo ni makutano. Njia moja ya magari isiyosimamishwa inaweza kupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Ikifika kwenye taa na kupewa kijani nusu ya muda, itapitisha magari 900 tu, hata kama kabla ya taa kuna njia pana. Ndiyo maana wahandisi huanza kwa kurekebisha makutano: kuweka njia ya pekee kwa wanaokata kulia, kupanga muda wa taa, au kujenga mzunguko, ambao madereva huuita kipilefti.

Kupanua barabara kunasaidia kwa muda, lakini kuna mpaka. Barabara ikiwa pana, baadhi ya watu waliokuwa wakipanda daladala hutumia magari yao, na wengine hujenga mbali zaidi. Baada ya miaka michache foleni hurudi. Hesabu rahisi inaonyesha sababu. Abiria 60 wanaenea katika mabasi mawili ya Coaster yenye viti 30 kila moja. Abiria haohao wakipanda magari madogo, mtu mmoja na nusu kwa wastani katika kila gari, watahitaji magari 40.

Barabara ya mzunguko wa nje

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Dodoma kuelekea Singida. Wakati huohuo barabara za Iringa na Babati, ambazo sasa zina lami, zimeifanya Dodoma kuwa njia ya magari yanayotoka kusini kwenda kaskazini. Magari hayo yakipita katikati ya jiji huchanganyika na bajaji, wanafunzi na wachuuzi.

Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 na njia nne ilibuniwa ili kuyatoa. Inapita Nala kwenye barabara ya Singida, Veyula kwenye barabara ya Arusha, Mtumba na Ihumwa upande wa Dar es Salaam, na Matumbulu kwenye barabara ya Iringa, kisha inarudi Nala. Mradi huo umefadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Barabara ya namna hii huondoa magari yasiyo na shughuli mjini. Haiwezi kumsaidia mtu anayetoka mtaa mmoja wa jiji kwenda mwingine. Pia huvuta ujenzi: ardhi iliyo kando yake hupanda bei, na maduka na nyumba zikiruhusiwa kufungua milango moja kwa moja barabarani, itageuka kuwa barabara nyingine ya mtaa yenye foleni.

Watembea kwa miguu na usafiri wa umma

Kila safari huanza na kuisha kwa miguu, na kwa wakazi wengi wasio na gari miguu na daladala ndiyo usafiri wenyewe. Anayehitaji kuvuka barabara ya njia nne anavuka upana ulio maradufu ya ule wa zamani, mbele ya magari yanayokwenda kasi zaidi. Kwa hiyo uboreshaji wa barabara huhesabiwa kuwa kamili pale tu unapokuwa na njia za miguu, vivuko vyenye kisiwa cha kusimama katikati, taa, na vituo ambapo daladala inaweza kuegesha nje ya njia.

Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeongeza hitaji hilo. Abiria anayeshuka stesheni anahitaji daladala au bajaji ya kumfikisha nyumbani.

Maji ya mvua

Dodoma hupata mvua kidogo, hasa kati ya Desemba na Aprili, lakini mara nyingi hunyesha kwa nguvu kwa muda mfupi. Maji hukimbia juu ya ardhi kavu na kukata makorongo. Barabara isiyo na mtaro huharibika kutoka pembeni: maji hupenya chini ya lami, tabaka la chini hulainika, na magari hukamilisha uharibifu. Mradi wa Miji ya Kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, ambao Dodoma ilikuwa mojawapo ya miji yake, ulihusisha barabara za lami pamoja na mitaro. Mtaro nao unahitaji kusafishwa kabla ya mvua, kwani mtaro uliojaa mchanga na taka huyarudisha maji barabarani na katika nyumba za jirani.