Panya Viziwi na Watoto Wetu Wasiosikia

Pengine umekwisha kuona jambo hili katika mafundisho ya katekisimu. Mtoto alijibu vizuri mwaka jana. Mwaka huu hajibu tena, au anajibu ovyo. Katekista anadhani ni mkaidi, anamwadhibu. Majirani wanasema: «Amerogwa.» Kumbe mtoto anapoteza masikio yake kidogo kidogo. Panya wadogo wametusaidia kufahamu ginsi jambo hilo linavyotokea.

1. Sikio la ndani

Ndani ya mfupa wa kichwa mna mfereji mdogo uliozungushwa kama nyumba ya konokono, umejaa maji. Sauti inatikisa ngozi ya sikio. Mifupa mitatu midogo inapeleka mtikiso ule mpaka majini. Humo mna selula zenye nywele, kwa mtu karibu 15.000 katika kila sikio. Nywele zikiinama, vilango vidogo sana vinafunguka kwenye ncha zake. Ndipo umeme unapozaliwa, na mshipa wa fahamu unaupeleka ubongoni. Selula hizo zikifa hazioti tena, kwa panya wala kwa mtu.

2. Panya Beethoven

Mwaka 2002 wenye elimu walitangaza habari za panya waliyemwita Beethoven. Walitwaa tu jina la yule Mjerumani mtunga muziki, aliyeanza kupoteza masikio kabla ya kutimiza miaka 30. Maana panya huyu naye anaanza kwa kusikia, kisha anakuwa kiziwi. Kosa liko katika jeni iitwayo Tmc1. Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya selula, ambalo mzazi anampa mtoto. Agizo hili ni la kutengeneza sehemu ya vile vilango. Herufi moja tu imebadilika, na selula zenye nywele zinakufa moja moja. Mwaka ule ule makosa ya jeni hiyo yalionekana kwa watu pia.

3. Sheria ya urithi

Padri Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino huko Brno, alieleza sheria hii mwaka 1866 kwa njia ya njegere. Kila mtoto anapokea nakala mbili za agizo: moja ya baba, moja ya mama. Kosa la panya Beethoven lina nguvu: nakala moja mbovu inatosha. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi.

Lakini kuna panya wengine ambao jeni hiyo hiyo imekatika kipande. Mwenye nakala moja mbovu anasikia. Mwenye mbili ni kiziwi tangu kuzaliwa. Ndivyo inavyoweza kuwa kwa watu: baba na mama wanasikia wote wawili, nao wanazaa mtoto kiziwi. Basi wanaanza kulaumiana, mke anafukuzwa, au wanakwenda kwa mfumu. Bure kabisa! Hakuna aliyekosa. Bwana wetu mwenyewe alikana kwamba upofu wa yule mtu ulitoka kwa dhambi yake au ya wazazi wake.

Tusisahau kwamba uziwi mwingine hautoki kwa urithi: homa ya utando wa ubongo, usaha wa masikio, na dawa kadha kama streptomisini zaweza kuuleta.

4. Je, kuna dawa?

Mwaka 2018 wenye elimu wa Marekani walitangaza kwamba walitia katika masikio ya panya Beethoven wachanga chombo cha kukata nakala mbovu. Masikio yale yalisikia kuliko yale yasiyotibiwa. Mwaka 2024 waganga wa China walitangaza kwamba watoto watano kati ya sita waliozaliwa viziwi, kwa kosa la jeni nyingine, walianza kusikia. Lakini matibabu hayo hayajafika vijijini kwetu.

5. Kazi yetu

Basi tufanye lililo mikononi mwetu. Mtoto asiyejibu, tusimpige. Tumjaribu kwanza kwa kumwita kutoka nyuma, kisha tumpeleke kwa munganga. Tumketishe mbele, tuseme naye uso kwa uso, tutumie ishara na picha. Tusimnyime sakramenti kwa sababu ya masikio yake. Katika ubatizo padri aweza kugusa masikio ya mtoto, katika tendo liitwalo «Efeta». Heri neno hilo lifungue kwanza masikio yetu sisi.