Ligi ya Soka Ilizaliwa Kiwandani

Soka ya kisasa ilizaliwa wapi? Wengi watajibu London, mwaka 1863, pale wawakilishi wa vilabu vichache walipokutana Freemasons' Tavern na kuunda Chama cha Soka cha Uingereza. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Kilichozaliwa pale ni kanuni, na kanuni peke yake hazijazi uwanja kila wiki, hazimlipi mchezaji, wala hazileti msimamo wa ligi. Mambo hayo matatu, ambayo kwa shabiki wa leo ndiyo mchezo wenyewe, yalitokea kwenye miji ya nyuzi, makaa ya mawe na chuma kaskazini na katikati ya nchi. Yalitokea huko kwa sababu kiwanda kilikuwa kimeshika kitu ambacho kabla yake hakuna bwana aliyewahi kukishika kwa ukamilifu namna ile, nacho ni saa za mtu wa kawaida.

Kabla ya viwanda, watu wa Uingereza walicheza mpira wao wa vurugu hasa katika sikukuu, na siku mashuhuri zaidi ilikuwa Jumanne inayotangulia Kwaresima. Kijiji kizima kilipambana na kingine, bila idadi ya wachezaji wala kipenga cha mwisho. Viwanda vilianza kwa kuua desturi hiyo. Malisho ya wote yalizungushiwa ua, sheria ya 1835 ikapiga marufuku mpira barabarani, na mfanyakazi akawa anaingia kazini alfajiri na kutoka usiku, siku sita kwa wiki. Kwa hiyo anayedai kwamba viwanda vilileta michezo moja kwa moja anaruka miongo kadhaa ya dhiki. Mabadiliko yalikuja na sheria ya 1850, iliyoamuru wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Wanaume hawakutajwa, lakini mashine zote ziliendeshwa na injini moja ya mvuke, na injini haiwashwi kwa ajili ya wanaume wachache waliobaki. Hivyo mji mzima ukawa huru kwa wakati mmoja, na mshahara ukiwa mfukoni. Mwaka 1866, timu za London na Sheffield zilipopambana, zilikubaliana kucheza kuanzia saa tisa hadi saa kumi na nusu. Dakika 90 tunazozijua zilionekana hapo, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Ushahidi mzuri zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye miji ambayo haikufuata mkondo huo. Liverpool ilikuwa kubwa na tajiri, lakini watu wake wengi walikuwa vibarua wa bandarini, walioajiriwa kwa siku au hata nusu siku na wasio na Jumamosi ya uhakika. Soka ilichelewa kushika mizizi huko kuliko katika miji ya nyuzi iliyo jirani, kama Blackburn na Bolton. Sheffield nako mafundi wa visu na vyuma katika karakana ndogo walizoea kupumzika katikati ya wiki, na ndiyo maana klabu yao moja inaitwa Wednesday hadi leo. Mpira ulifuata saa za kazi za mji husika.

Baada ya muda ikaja fedha. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafumaji na wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, iliwafunga Old Etonians 2-1 katika fainali ya Kombe la FA. Mwenye kiwanda Sydney Yates alikuwa amewagharimia kambi ya mazoezi Blackpool kabla ya mchezo huo, jambo lililowaudhi waungwana wa kusini. Mwaka uliofuata William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba na kiongozi wa Preston North End, alikiri kwamba wachezaji wake walitafutiwa kazi na kulipwa. Preston wakatolewa kwenye kombe, lakini Julai 1885 chama kikalazimika kuhalalisha malipo. Hapo likazuka tatizo la kihasibu: mshahara hulipwa kila wiki, ilhali mechi za kirafiki ziliahirishwa kila mara mpinzani alipopata mchezo wa kombe, na mashabiki wakarudi nyumbani bila kulipa kiingilio. William McGregor wa Aston Villa, mwenye duka la nguo, akapendekeza ratiba isiyovunjika, nyumbani na ugenini. Ligi ya 1888 ilianza na vilabu 12, vyote vya Lancashire na kanda ya kati. London haikuwa na hata kimoja. Na bila reli ratiba hiyo isingewezekana, maana timu ilipaswa kwenda Stoke au Burnley na kurudi, ili Jumatatu watu wawe kazini.

Raga inathibitisha hoja hii kwa uchungu zaidi. Wachezaji wa Yorkshire na Lancashire walipoteza ujira wa Jumamosi asubuhi kila walipocheza mbali, wakaomba wafidiwe. Viongozi wa London, ambao muda wao haukuhesabiwa kwa shilingi, walikataa. Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana Huddersfield na kujitenga. Mchezo mmoja ukawa miwili, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya shilingi sita kwa siku.

Wako wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Kriketi ilikuwa na sheria zilizoandikwa mwaka 1744 na ndondi mwaka 1743, viwanda vikiwa bado havijatawala. Ni kweli, lakini sheria zile zililinda dau za mabwanyenye waliokuwa wakicheza kamari, na hazikuleta mashindano ya kila wiki kwa maelfu ya watu. Pingamizi zito zaidi ni la mwanahistoria wa Marekani Allen Guttmann, ambaye katika kitabu chake cha 1978 aliona chanzo cha michezo ya kisasa katika fikra za kisayansi za kupima na kuweka rekodi, si katika viwanda. Ujerumani inampa nguvu: ilikuwa na viwanda vikubwa, lakini kwa muda mrefu ilipenda mazoezi ya viungo kuliko soka. Nakubali kwamba kiwanda hakiamui watu wacheze nini. Kinaamua wanacheza lini, nani anamudu kiingilio, na mchezaji anaishi kwa nini. Kiu ya kupima inaeleza saa ya mkononi ya mwamuzi, lakini haielezi kwa nini ligi ilianzia Lancashire badala ya Oxford.

Alama za asili hiyo zimefika hadi kwetu. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar zinabeba majina ya viwanda vya sukari, na Bandari ya Mombasa ni timu ya bandari. TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi.

Na mchezaji mwenyewe aliishia kuwa mfanyakazi kama wengine. Mwaka 1901 ligi ya Uingereza ilianza kutekeleza kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki. Wachezaji wakajibu kama walivyojibu wafumaji na wachimba makaa: mwaka 1907 wakaunda chama chao huko Manchester. Kikomo hicho, kilichopandishwa kidogo kidogo, kilifutwa mwaka 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma.